Mbuzi ana wenyewe watatu, mbwa hana hata mmoja

Nilipochaguliwa mjumbe wa serikali ya mtaa, mwishoni mwa 2024, nilijua watu watanifuata kwa habari za mitaro, taa za barabarani na barua za utambulisho. Barua kweli wanafuata. Lakini kinachonitoa jikoni mbio, sufuria ikiwa motoni, ni wanyama. Mbuzi kala mchicha wa mtu. Bata kaingia sebuleni kwa mpangaji. Mbwa kawakimbiza watoto wa chuo cha Kurani. "Mama mjumbe, njoo ujionee mwenyewe." Naenda, najionea, nikirudi mchuzi umekauka.

Naishi Makorora, Tanga. Mji wetu haujawahi kuachana na shamba. Ukiacha Ngamiani na zile barabara zake za namba ukaja huku kwetu, nyuma ya kuta nyingi kuna kitu kinacheua. Tanga ni mji wa maziwa, na mengi hutoka kwenye mabanda ya uani, ng'ombe wawili hapa, watatu pale, majani yakiletwa na vijana juu ya baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Mimi nafuga wawili. Mkubwa anaitwa Subira, na jina halimfai hata kidogo. Kwa hiyo ninayoandika hapa siyaandiki kama mtu wa ofisi anayewasema wafugaji. Nina banda, nina majirani, na nina jirani mmoja ambaye kila upepo ukigeuka hufunga dirisha kwa kishindo ili nisikie.

Kwanza niwatoe watu kwenye dhana moja. Wengi wanaamini sheria hizi za mifugo tunazitunga sisi, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya ofisi ya mtaa. Mtaa hauna mamlaka hayo. Kijiji kinayo: kinapendekeza sheria zake ndogo, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Mtaa wa mjini hauna. Sheria ndogo ya mjini hutungwa na baraza la madiwani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), ile ya 1982, Sura ya 288. Wananchi hutangaziwa kusudio na kupewa muda wa kutoa pingamizi, baraza hupitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huridhia, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Baada ya safari yote hiyo ndipo mgambo anapata nguvu ya kumfunga kamba mbuzi wako.

Sasa ule muda wa pingamizi ndio tusioutumia. Tangazo linabandikwa ubaoni, mvua inalinyeshea, kona moja inabanduka, na mara nyingi msomaji wake wa kwanza ni mbuzi, naye halisomi, analila. Miaka miwili baadaye mtu anatozwa faini ndipo anauliza, "Hii sheria tulikubaliana lini?"

Ukizisoma sheria ndogo za miji mbalimbali ya nchi hii utadhani zimezaliwa tumbo moja. Mnyama asizurure barabarani wala sehemu za wazi. Anayefuga awe na kibali. Banda liwe safi, lisiwe kero kwa jirani. Mbwa awe amechanjwa na asiachiwe ovyo. Mnyama akikamatwa anapelekwa zizi la halmashauri, mwenyewe alipe faini pamoja na gharama za kumtunza kwa siku alizolala huko, na asipojitokeza ndani ya muda uliowekwa, mnyama anapigwa mnada. Hayo ndiyo mambo. Kwa ng'ombe, ziko pia kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992, zilizotoka chini ya sheria ya mipango miji: mtu mmoja asizidishe ng'ombe wanne, nao wafugwe ndani, waletewe majani bandani. Kuchunga mjini marufuku.

Hiyo hesabu ya wanne mimi nina neno nayo. Ng'ombe wanne kwenye kiwanja cha Makorora, ambapo ukikohoa jirani anakujibu "pole", ni wengi mno. Wanne hao hao kwa mtu mwenye nafasi kule Pongwe si chochote. Na harufu haijui kuhesabu. Banda langu lina sakafu ya zege yenye mteremko, mkojo unaingia mferejini na kwenda shimoni, kinyesi nakizoa kabla ya alfajiri na tena alasiri, na vijana wa bustani wanakuja kukibeba kwa viroba. Nyumba ya nne kutoka kwangu kuna ng'ombe mmoja tu, peke yake, amesimama kwenye tope kufika magotini, na nzi wake wanatutembelea sote. Kisheria mimi nimekaribia ukomo kuliko yeye. Ningekuwa diwani ningeacha kuhesabu pembe, ningekagua sakafu na mtaro.

Wenzetu Limuru, Kenya, walijaribu njia yao. Mwaka 2007 baraza la mji lile liliagiza punda wa mikokoteni wavishwe nepi ili wasichafue barabara. Tulicheka sana wakati ule. Siku hizi, nikiwa na koleo mkononi mbele ya geti la watu, sicheki tena kwa sauti.

Basi tuje kwa mbuzi.

Mbuzi wa mjini ana akili ambayo wa kule vijijini Kilindi hana. Anajua saa ambayo muuza mchicha anainama kutafuta chenji. Anajua siku ya gari la taka. Anavuka barabara akiwa ametazama pande zote, jambo ambalo madereva wa bodaboda wamelishindwa. Asubuhi anafunguliwa "akajitafutie", magharibi anarudi mwenyewe, tumbo limejaa. Mwenye mbuzi atakwambia hana gharama. Ni kweli, hana. Gharama tunazo sisi. Mbuzi anayezurura analishwa na mtaa mzima, siku ya kuuzwa bei yake inaingia mfuko mmoja. Hapo ndipo msingi wa ugomvi wote ulipo, na mtu akinieleza kuwa mbuzi ni benki ya maskini namkubalia, ila namuuliza mama wa mchicha naye ni tajiri wa wapi.

Kuna wakati mmoja tu kwa mwaka ambao sheria hii hulala usingizi, nao ni siku za kuelekea Idd ya kuchinja. Malori yanashusha mbuzi kutoka Handeni na Kilindi, na ghafla kila mlingoti wa umeme, kila mguu wa kibanda, kila mwarobaini una mbuzi amefungwa. Usiku mtaa mzima unalia mee. Sijamwona mgambo hata mmoja siku hizo, na sitaki kumwona. Mbuzi aliyefungwa kamba, mwenye majani mbele yake na siku mbili za kuishi, hamsumbui mtu zaidi ya usingizi.

Siku nyingine ni tofauti. Mwaka jana, asubuhi ya operesheni, mgambo walipita upande wa sokoni na kukusanya mbuzi waliokuwa wakijihudumia, wakawapakia kwenye guta na kuwaleta mbele ya ofisi ya kata kabla ya kupelekwa zizini. Tuliitwa wajumbe tushuhudie. Wenyewe wakaanza kumiminika, mmoja baada ya mwingine, wakilia na bei ya faini. Mbuzi wote wakapata watu isipokuwa jike mmoja wa rangi ya kahawia, ana baka jeupe ubavuni na sikio la kushoto limechanika. Huyo alipata watu watatu.

Wa kwanza mzee mmoja, kanzu safi, sauti ya upole: "Huyo wa kwangu, mwanangu. Mama yake nilimnunua Muheza." Wa pili kijana wa bodaboda, hakushuka hata kwenye pikipiki, akaonyesha kwa kidevu: "Huyo wa nyumbani." Wa tatu mama wa vitumbua, amekuja na unga mikononi, akasema lile sikio lilichanwa na bati la choo cha kwake, na bati lipo, anayetaka akaliangalie.

Afisa akauliza alama. Hakuna. Hana hereni, hana chapa, hana hata uzi wa rangi shingoni. Akauliza shahidi. Kila mmoja ana wake. Watoto waliokuwa wamejazana walipoulizwa, wakajibu kwa pamoja kwamba huyo mbuzi anaitwa Mheshimiwa, kwa vile anaingia popote bila kuulizwa. Wa nani? Hawajui.

Yule mzee ndiye aliyetoa wazo: "Mfungueni. Mbuzi anajua kwao." Akafunguliwa. Mheshimiwa akajinyoosha, akapitia kwanza kwenye meza ya mchicha, akavuta fungu moja palepale mbele ya afisa, mgambo na wajumbe wa serikali ya mtaa, kisha akakata kona, akavuka mtaro, akaingia kwenye geti la nyumba ambayo si ya mzee, si ya kijana, wala si ya mama wa vitumbua. Mwenye nyumba ile alikuwa ndani muda wote, anachungulia dirishani. Hakuja kumkomboa kwa sababu alikuwa na faini ya nyuma hajalipa, akaogopa akijitokeza zitaunganishwa.

Tulicheka mpaka tukakaa chini, lakini baadaye nikiwa nakamua nililifikiria. Faini ya mbuzi ni ndogo kuliko bei ya mbuzi. Anayelipa faini ya mbuzi asiye wake bado ametoka na faida nzuri. Na mwenye mbuzi halisi, akiwa hana fedha siku hiyo, sheria inamfanya ajifiche. Yaani utaratibu uliowekwa kumtafuta mwenye mnyama unamfukuza yeye na kuwakaribisha wengine, na yote kwa sababu ya kitu kidogo: hakuna daftari popote linaloeleza mbuzi huyu ni wa nyumba gani.

Mbuzi, hata hivyo, ni vichekesho. Sasa nieleze la mbwa, maana huko kicheko kinakoma.

Kwetu hapa familia nyingi ni za Kiislamu na mbwa haingii ndani. Sina shida na hilo, mimi mwenyewe haingii kwangu. Wanaofuga mbwa kwa geti na kola wako zaidi kule Raskazone, kwenye nyumba zenye bustani. Lakini mbwa Makorora tunao, na si wachache, ila wote ni wa "huyo wa pale". Mbwa mmoja wa namna hiyo, wa rangi ya mchanga, alimng'ata mtoto wa kiume wa miaka kama saba nyuma ya mguu, karibu na jalala, akitoka chuoni na juzuu yake kwapani.

Waliniletea mtoto mimi kwanza, kabla ya hospitali. Sijui kwa nini watu hufanya hivyo. Labda kwa kuwa nyumba yangu ina bomba nje. Bomba ndilo lililotakiwa. Nilimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikachukua sabuni ya mche, maji yakimiminika, nikaanza kuosha. Bibi yake alikuwa amefika na kitunguu swaumu na kibaba cha chumvi. "Bibi, subiri. Sabuni kwanza." Dakika 15 ndizo zinazotakiwa, maji yanayotiririka na sabuni, na dakika 15 za mtoto anayelia ni ndefu ajabu, niliweka simu juu ya ukuta ili saa isitudanganye. Meno yalikuwa yameingia sehemu mbili, matundu madogo ambayo ukiyatazama unaweza kusema ni mchubuko. Ndiyo yanayodanganya watu. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakihitaji jeraha kubwa, kinapitia kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo polepole, wiki kadhaa au miezi, na dalili zikishaonekana hakuna tena dawa. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Ndani ya nafasi hiyo ndimo maisha yote yalipo.

Zahanati tuliyoanzia hawakuwa na sindano. Tukapanda bajaji kwenda hospitali, wakachoma ya kwanza siku ile ile, wakaandika tarehe za kurudi kwenye karatasi. Mama wa mtoto anauza mihogo ya kukaanga. Fedha ya sindano ile si ya kutoka kwenye karai la mihogo. Ikabidi nipitishe daftari la mchango, na hapo ndipo nilipoanza kumtafuta mwenye mbwa, maana kwa haki mzigo ule ulikuwa wake. Sheria ya Kanuni ya Adhabu haimwachi mtu aliyepuuza kuchukua tahadhari juu ya mnyama wake mpaka akadhuru watu. Lakini lazima awe wake.

Nikaanza na fundi wa kuchomelea, kwa kuwa mbwa analala chini ya meza yake. Akaniambia, "Dada, hapo ni kivuli. Hata wewe ukija kulala sikufukuzi." Nikaenda bucha, maana mbwa anakula pale. Mwenye bucha akasema, "Mimi natupa mifupa, shemeji. Anayeokota ni yeye." Nikaenda kwa mwenye duka, ambaye mwezi uliopita alisimulia mbele ya watu jinsi mbwa yule alivyombwekea mwizi hadi akaacha ndala zake. Akanitazama kwa mshangao: "Mlinzi wangu? Nimemwajiri lini?"

Wiki moja kabla, mbuzi asiye na alama alikuwa na wenyewe watatu. Mbwa ambaye mtaa mzima unajua anakolala, anakokula na anakofanya kazi hakuwa na hata mmoja.

Vijana walishatafuta marungu. Niliwazuia, na si kwa huruma tu. Mbwa aliyeuma akifungwa na kutazamwa kwa siku 10, kama yu hai na mzima mwisho wake, unajua siku ile aliyouma hakuwa anaambukiza. Ukimuua papo hapo na kumtupa jalalani, jibu umelitupa naye. Tukamfunga kwenye nguzo ya karakana, fundi akilalamika, afisa mifugo wa kata akawa anapita kumwangalia. Alikula, akabweka, akanenepa. Mtoto hakusubirishwa kwa ajili ya hilo. Sindano zilianza mapema na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, hadi asilimia 99 ya maambukizo yakitoka kwa mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa. Kwa Tanzania peke yake, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo takribani 1,500 kwa mwaka, wengi wakifia majumbani bila kuandikwa popote. Na njia ya kukizuia inajulikana: chanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Wala si kuua mbwa. Ukiwaua wa mtaa huu, wanahamia wa mtaa wa pili, watoto wa mbwa wanazaliwa na kukua bila chanjo, na mara nyingi waliouawa kwanza ni wale wapole waliokubali kushikwa, ambao ndio waliokuwa wamechanjwa.

Ushahidi uko ng'ambo ya maji yetu tu. Pemba, ambako jahazi zetu zinakwenda na kurudi, ugonjwa ulidhibitiwa kwa chanjo, kisha mwaka 2016 ukarudi, na uchunguzi wa vinasaba vya kirusi ukaonyesha umeingizwa kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena kisiwa kizima, kijiji kwa kijiji, na kufikia 2018 wakaukata. Kisiwa kilichojaa Waislamu wanaotawadha mara tano kwa siku kiliweza kumleta mbwa kwenye foleni ya chanjo. Kwa hiyo mtu asiniambie dini ndiyo inayotufanya tumkane mbwa. Dini ile ile inatusimulia mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

Tunamkana kwa sababu sheria imetufundisha kuwa kumkubali ni hasara. Mwenye mbuzi akijitokeza anapata mbuzi. Mwenye mbwa akijitokeza anapata bili. Sheria ndogo inaandika "mmiliki" kila mstari kana kwamba amekaa mahali pamoja anasubiri kuitwa, wakati kumjua huyo mmiliki ndiyo kazi yenyewe.

Kwa mifugo, taifa limeanza kulitazama hilo. Kuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na mwezi Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa hereni. Ng'ombe wangu kuvishwa hereni sina kipingamizi, Subira atapiga mateke lakini atavaa. Mbwa, hata hivyo, hana hereni, hana kampeni kubwa ya namna hiyo, na kati ya hawa ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuniulia mtoto wa jirani.

Nikaleta hoja mkutano wa mtaa: tuwe na daftari. Kaunta buku moja, safu sita: nyumba, simu, mnyama, rangi, alama, tarehe ya chanjo. Nilitegemea makofi. Nilichopata ni mzee mmoja kusimama, taratibu, akisema, "Mama mjumbe, tunakuheshimu. Lakini tulishaandikwa baiskeli, zikaja kodi za baiskeli. Leo mnaandika kuku, kesho itakuwaje?" Ukumbi ukaguna kumuunga mkono, na nami sikuwa na jibu la kumvunja, maana kumbukumbu yake ni sahihi, kodi za baiskeli zilikuwapo na watu wazima wote pale walizikimbia vichochoroni. Nilichoweza kumwambia ni ukweli wa kisheria: mtaa hauna mamlaka ya kutoza ada, daftari hili ni letu, linakaa ofisini, na asiyetaka haandiki.

Nusu ya watu hawajaandika mpaka leo. Mbuzi wameandikwa vizuri zaidi, hasa baada ya kisa cha Mheshimiwa. Wengi wamewafunga vitambaa vya rangi shingoni, kila nyumba na rangi yake, na mwenye nyumba ile ya geti alikuwa wa kwanza kuja, kimyakimya, jioni. Mbwa ndio kazi. Mwenye bucha nilimfuata mara kwa mara mpaka akachoka. Mwisho akakubali kugharamia chanjo ya yule wa rangi ya mchanga, akamkatia na kola kutoka kwenye mkanda wake wa zamani, lakini jina lake alikataa katakata lisiwekwe. "Andika 'wa bucha', inatosha." Nimeandika wa bucha. Ikitokea siku akauma tena, bucha haiwezi kujificha nyuma ya dirisha.

Kuna jingine nalisema kwa kupita kwa kuwa linaniuma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, inakataza kumtesa mnyama kwa kumpiga, kumnyima chakula, kumbebesha kupita kiasi. Bado kila siku napishana na bodaboda iliyolaza mbuzi kwenye tangi la mafuta, shingo inaning'inia karibu na ekzosi, na baiskeli zenye kuku waliofungwa miguu vichwa chini kutoka Pongwe mpaka sokoni, jua la saa saba. Mgambo anayemkamata mbuzi kwa kuzurura anaipisha bodaboda hiyo ipite. Ukiniuliza, mbuzi anayekula mchicha ana kosa dogo kuliko mtu huyo.

Na paka, kabla hamjaniuliza. Paka hakuna anayewashitaki. Wale wa Deep Sea, kwenye soko la samaki, wamenenepa kuliko wavuvi, na wa mtaani wanatusaidia panya. Lakini nao wanapata kichaa na nao wanauma, hivyo wamo kwenye daftari kama wengine.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na tumemuomba afisa mifugo tuwe na siku yetu ya chanjo hapa ofisi ya mtaa wiki ile ile. Saa nitaitangaza msikitini na kanisani, na kwenye kundi la mtaa la WhatsApp. Mbwa aje na kamba, ashikwe na mtu mzima anayemzoea, si mtoto. Asiyeshikika, njoo uniambie mapema tumfuate alipo. Paka mtieni kwenye kapu lenye kifuniko au kiroba kilichotobolewa matundu, msiwabebe mikononi. Mwaka jana tulitumia spiriti nyingi kwa wabebaji kuliko kwa paka. Cheti utakachopewa usikiache kwenye droo. Kipige picha, nitumie, nami nitaandika tarehe kwenye safu ya sita.